Rejeta ya Oili Ikae Wapi

...na mikono nayo, kwa nini ianze kutetemeka leo, mikono iliyowahi kubeba giaboksi ya lori kutoka getini mpaka kwenye benchi, peke yake, watu wamesimama barabarani midomo wazi, haya, tuseme walikuwa wawili, na huyo wa pili alishika kona tu, lakini kubeba alibeba, na leo kidude cha kilo mbili, hii rejeta ndogo ya kupoza oili, nyepesi kama sinia la chai, inamtoa jasho mpaka kwenye kisigino, amepiga magoti mbele ya pua ya gari kama mtu aliyeangusha sindano, ameinua rejeta kwa mikono miwili na kuishikiza chini kabisa ya pua, mbele ya ile rejeta kubwa ya maji, na binti wa mdogo wake yuko ubavuni kwake na chaki, anasema, "Baba mkubwa, hapo hapo, usitikisike, nipige alama," na kutoka kwenye kiti cha karibu na mlango, mdogo wake anadakia, "Hiyo chaki rudisha mfukoni, nimeshasema mbele hapana," na binti, "Baba, upepo uko mbele, nyuma hakuna upepo," na mdogo wake, "Na mawe je? Mawe yako wapi, nyuma?" na binti anashusha pumzi ya mtu aliyebishana tangu asubuhi, "Baba mkubwa, si wewe ndiye fundi, amua basi," na chaki imesimama hewani, na yeye, mtu ambaye maneno hayajawahi kumkauka mdomoni hata siku aliyong'olewa gego, hana la kusema... Profesa wanamwita, mtaa mzima, na darasa la tatu hakumaliza, shule yenyewe ilimwogopa, mwalimu alikuja nyumbani kumwambia mama yao huyu mtoto ananiuliza mambo nisiyoyajua, au alisema ananisumbua, ni yale yale, na sasa tazama, injini ikikohoa mtaa wa tano yeye kitandani anakuambia ni valvu ipi, amefungua injini elfu moja kwa mikono hii, akiwa ameshiba anasema elfu mbili, wenye vyeti wamekuja hapa na mashati yao meupe wakamwomba wamtazame tu anavyosikiliza, sikio moja kwenye bisibisi, bisibisi kwenye injini, kama daktari, na wote wakaondoka wamefunga midomo, na leo watu wawili, mmoja ana mguu mbovu na mwingine kazaliwa juzi, wanamngoja atamke neno moja tu, mbele au nyuma, na yeye anaipandisha rejeta kidogo, kama mtu anayepima.

Gari lenyewe liko juu ya stendi nne, limevuliwa boneti, limetulia kama mzee anayenyolewa, gari lililozaliwa kabla yao wote watatu, viti viwili, halina paa, pua ndefu ya mviringo, lilikuwa likipita watu wanasahau walichokuwa wakinunua, na miaka ishirini na miwili limekaa nyuma ya gereji chini ya turubai, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, mpaka binti huyu alipokua akapata kazi yake na akili zake na siku moja akaja akafunua turubai mwenyewe, akafukuza kuku, akasema, "Baba mkubwa, hili tunalifufua," akasema tunalifufua, hakuuliza, damu ya upande wa mama yake hiyo, na wiki mbili kutoka leo anaingia nalo kwenye mashindano ya magari ya zamani, jina lake limeshaandikwa, na injini ya gari hili ina joto la ugomvi, ukiikimbiza mizunguko kumi oili inakuwa nyepesi kama maji ya kunawa, na oili ikiwa nyepesi beringi zinalia, zikishalia umekwisha, kwa hiyo lazima oili itolewe nje ya injini, ipite kwenye hii rejeta ndogo, ipigwe na upepo, irudi ndani imepoa, hata mtoto wa chekechea anaelewa, swali ni moja tu, rejeta ikae wapi, na baba mtu amekubali mwanawe aendeshe kwa sharti hilo hilo moja, iende nyuma, kwenye buti, nyuma ya kiti, mahali ambapo jiwe halifiki, "Jiwe halina adabu," anasema mdogo wake pale kwenye kiti, anagonga fimbo sakafuni, "jiwe halijui huyu ni dereva mzuri au mbaya, kaka, mwambie huyu, wewe uliliona," na ndiyo, aliliona, nani aliliona kama si yeye, tena liko pale juu ya rafu, kati ya kopo la grisi na redio iliyokufa, jiwe la ukubwa wa yai, kijivu, limeoshwa, miaka yote hiyo, kila mteja mpya analazimika kulisikia, hili ndilo lililotoboa rejeta ya oili ya mdogo wangu, lilitoka kwenye tairi la gari la mbele kama risasi, na jiwe limekuwa likikua, mwaka wa kwanza lilikuwa kama yai, ukaja mwaka mwingine likawa kama ngumi, kuna wageni aliowaambia lilikuwa kama kichwa cha mbuzi, na mmoja wao, mjinga fulani wa maswali, akatazama rafu akasema mbona dogo, naye akamjibu papo hapo, limekauka, mawe ya kule yana maji, likikauka linasinyaa, na mjinga akaamini, na yeye mwenyewe kwa dakika mbili nzima akaamini...

"Na hivi vimpira vinne vilivyokuja ndani ya boksi ni vya nini?" binti anauliza, anavitikisa kiganjani kama karanga, na mdomo wake unajibu kabla yeye hajafika, "Vya urembo, tupa huko," na binti, "Kwenye karatasi wameandika lazima viwekwe, kila sikio la rejeta, pale panapopita bolti, na mpira wake," na yeye, "Karatasi zinaandikwa na watu wa karatasi," na mdogo wake anacheka kule, kicheko cha zamani, anasema, "Umemsikia Profesa," na binti hacheki, anavirudisha kwenye boksi kimoja kimoja, taratibu, kwa vidole viwili, na Mungu wangu, hata leo, hata sasa hivi, hakuna aliyemshika shati, hakuna aliyemwuliza, na uongo umetoka wenyewe kama jasho... Vya urembo. Mzee aliyemfundisha kazi, Vidole Vinane, angemtemea mate, mzee yule alipoteza vidole viwili kwenye feni akabakiwa na akili zote, alikuwa akisema kitu chenye oili ndani hakibanwi, kinaning'inizwa, kwa sababu chesesi ya gari, ule mgongo wake wa chuma, kila kona inajinyonga kama nyoka aliyekanyagwa, huioni lakini inajinyonga, na rejeta haina mifupa ya kunyongwa, ukiibana chuma kwa chuma itachanika sikioni, weka mpira katikati, mpira ndio utakaobeba ugomvi wao, na yeye aliweka, jamani, aliweka! Siku mbili kabla ya mashindano yale ya miaka ishirini na miwili iliyopita, mdogo wake akiwa dereva, aliifunga rejeta ya zamani mbele, chini ya pua, pale pale alipoishikilia sasa, masikio manne, mipira minne, kazi safi, kazi ya kitabuni, ukiisukuma inacheza kidogo na kurudi, inavyotakiwa, na kama dunia ingekuwa na haki ingeishia hapo, lakini asubuhi ya mashindano akaja fundi wa gari jekundu, mtu mwembamba mwenye meno mengi kuliko mdomo, akainama, akaisukuma rejeta kwa kidole kimoja, kidole kimoja tu, ikacheza, akainuka akasema kwa sauti ya kuuzia samaki, "Profesa! Rejeta yako inacheza kama jino la mtoto! Au ndivyo mnavyofundishana kwenye chuo chenu?" na watu wakacheka, madereva, wake zao, mpaka muuza barafu aliweka ndoo chini acheke vizuri, na yeye alikuwa na maneno mawili tu ya kujibu, ndivyo inavyotakiwa, lakini maneno hayo ni ya mtu anayejiamini kimya kimya, na yeye kimya hakukijua, hakijui, akachukua spana, mbele yao wote akafungua bolti nne, akachomoa mipira minne akaitia mfukoni mwa ovaroli, akafunga chuma kwa chuma, akakaza mpaka spana ikalia, akasimama akafuta mikono akasema, "Haya, tikisa sasa," na yule akatikisa kwa kidole, akatikisa kwa ngumi, haikusogea hata unywele, na watu wakapiga makofi. Makofi ya watu kumi. Saba. Walikuwa saba, na muuza barafu, na kwa ajili ya makofi ya watu saba na muuza barafu...

"Kaka, mbona umenyamaza?" anasema mdogo wake, "umeona jini humo ndani ya grili?" na yeye anasema, "Napima," na binti, "Unapima kwa macho?" "Mimi macho yangu yana milimita," anasema, na hata hilo limetoka sawa, na ni tamu kusema, watu wangecheka, lakini mabega yanawaka, rejeta imeshuka kidole kimoja, anaipandisha, na pale ukutani juu ya benchi picha inamtazama, ile picha ya kabla ya mashindano, mdogo wake amekaa juu ya tairi la mbele na kofia ya chuma kwapani, meno yote nje, mzuri kama mchumba, na yeye Profesa kwenye picha ile ni mkono, mpiga picha alimkata, umebaki mkono tu juu ya boneti, na kitambaa chenye grisi, miaka ishirini na miwili anawaambia watu huo mkono ni wangu, bila mkono huo pasingekuwa na picha, na wakati mwingine alipokuwa peke yake aliitazama picha akasema moyoni, walau yeye naye alipata chake, mzuri yule, kipenzi cha mama, mwenye kofia... alisema hivyo. Kuhusu mguu. Alisema hivyo moyoni kuhusu mguu wa ndugu yake aliyenyonya ziwa lile lile, na akanywa chai.

Mzunguko wa kumi na saba. Mdogo wake alikuwa wa pili, amelishikilia lile jekundu kwa nyuma, anangoja kona ile ndefu ampite, na yeye amesimama kwenye ukuta wa matofali na saa mkononi akawa anaona kila kitu, yeye ana macho ya mwewe, na hili si la kutia chumvi, aliona moshi mwembamba wa buluu chini ya pua kabla mtu mwingine yeyote hajauona, akajua, rejeta imepasuka, oili inamwagika, upepo unaipeleka nyuma kwenye ekzosi, bomba la moshi lililokuwa jekundu kama kaa, na moto ukaingia kupitia sakafu, pale penye pedali, penye mguu wa kulia, na mtu mwingine angeruka, mtu mwingine angeachia usukani, gari lingeingia kwa watu, walikuwepo watoto wamekaa kwenye nyasi, lakini mdogo wake aliushika usukani mguu ukiwaka, akalipitisha gari katikati ya ukuta na watu, akalizamisha kwenye mchanga, akazima swichi, alizima swichi, jamani, ndipo akatoka, na watu wakakimbilia kule na ndoo na mablanketi, makelele yote yakahamia kule, na huku akabaki yeye na gari linatoa mvuke, akalala chini ya pua na spana, akafungua bolti zile zile nne, akaitoa rejeta ingali moto inamchoma viganja, akaigeuza, na akauona, ufa mwembamba kama unywele umezunguka sikio la kushoto, chuma kimechanika kama karatasi, hakuna tundu, hakuna jiwe, hakuna lolote kwenye mapezi ya kupozea, safi kabisa, ufa tu, jina lake limeandikwa pale, kila mtu mwenye spana angelisoma... na mkono ukaokota jiwe. Ule ule wa kwenye picha. Pigo la kwanza liliteleza. Akapiga la pili.

"Mimi nasema hivi," mdogo wake anasema kule, sauti yake imekuwa ya taratibu, sauti ya mtu anayesoma kesi yake mwenyewe, "kosa halikuwa la rejeta wala la jiwe, kosa lilikuwa langu, nilimsogelea mno yule wa mbele, ukimsogelea mtu unakula mawe yake, ndiyo sheria," na anaisema kama anavyoisema kila mwaka, kila msiba, kila harusi mtu akimwuliza mguu una nini, na siku ile ya tatu hospitali alipofumbua macho, mguu umefungwa kama mtoto mchanga, maneno yake ya kwanza hayakuwa maji wala mama, alisema, "Kaka, nisamehe, nimekuharibia gari lako," na mama yao amekaa pale, na shangazi, na nesi ameshika sindano, wote wakamgeukia yeye, na yeye akafanya nini, akaweka mkono kwenye paji la uso la mdogo wake akasema, "Yamekwisha, mdogo wangu, hata madereva wakubwa hukosea," akamsamehe! Alimsamehe, mbele ya nesi, na mama akalia akasema nimezaa mtu, mwanangu mkubwa ana moyo mweupe kama pamba, na mama ameingia kaburini na hilo, amelichukua, hakuna wa kumfuata kumwambia, na mdogo wake hajashika usukani tangu siku ile, hata baiskeli ya mtoto hasukumi, akipanda gari anakaa nyuma, ananyamaza, mikono imeshika magoti, mtu aliyekuwa anaingia kwenye kona kama maji yanavyoingia kwenye chupa, na yeye Profesa amekuwa akimtembelea kila Jumapili, kumtia moyo, kumtia moyo! na kumwambia usijilaumu sana, akisisitiza kidogo hilo neno sana, ili ibaki nafasi ya kujilaumu kidogo.

Nyuma basi. Aseme nyuma yaishe, mdogo wake afurahi, jiwe likae kwenye rafu yake, wote warudi nyumbani kula, neno moja, nyuma, na rejeta itafungwa ndani ya buti gizani, hakuna upepo, oili itaiva kama supu, na mabomba mawili lazima yatoke kwenye injini yapite chini ya sakafu mpaka kule, mita tatu kwenda, mita tatu kurudi, oili ya moto inayochoma ngozi, na njia ni moja tu, kushoto kuna propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, kulia kuna ekzosi, kwa hiyo yatapita chini ya kiti, chini ya paja la binti, paja la huyu hapa aliyechuchumaa na chaki, aliyekuwa anakuja hapa na sare ya shule anaomba amshikie tochi, na bomba likilegea, mabomba hulegea, yeye anajua, amebadilisha mabomba elfu, amebadilisha mia mbili, basi moto utapitia sakafu ile ile uliyopitia kwa baba yake, ila safari hii mapaja yote mawili, na watu watasema jiwe, watatafuta jiwe, na yeye atawapa, anayo mengine nje... na hapo akili inamrukia na wazo zuri, akili yake haijawahi kumwangusha, inaleta uongo kama kuku anavyotaga, kila asubuhi mmoja, wavu! "Wavu," anasema kwa sauti, na kifua kinafunguka, "tunaiweka mbele, penye upepo, halafu mimi nasuka wavu wa chuma nauweka mbele yake, wavu ambao hata mbu akitaka kupita anaomba ruhusa, jiwe likija linarudi lilikotoka," na binti anatabasamu, anasema, "Umeona, baba? Wavu," na kwa pumzi mbili tatu imekwisha, ameokoka, rejeta mbele, mipira ataiweka kimyakimya binti akienda kula, jiwe kwenye rafu, hakuna aliyeumia, Profesa ni Profesa, lakini kule kwenye kiti mdogo wake anailaza fimbo magotini, anasema, "Wavu utazuia jiwe. Utamzuia yeye?" na binti, "Mimi nimefanya nini?" na baba yake, "Hujafanya. Utafanya. Una damu yangu wewe, utaona mtu mbele yako utamsogelea, hutajua kungoja, nami sikujua kungoja, ndiyo maana nataka iwe nyuma, si kwa ajili ya jiwe, kwa ajili ya hiyo damu," na binti anasimama, chaki inavunjika kati ya vidole vyake, na anasema bila kumtazama, kwa sauti ndogo ya kukata, "Baba, mimi siendeshi kama wewe."

Na mdogo wake hakasiriki. Angekasirika ingekuwa nafuu. Anatikisa kichwa juu chini kama mtu aliyepewa chenji sahihi, anasema, "Vizuri. Usiendeshe kama mimi. Omba Mungu usiendeshe kama mimi," na Profesa anaisikia sentensi hiyo inavyoingia, anaisikia kwa sikio lile la kwenye bisibisi, haigongi mahali, inateremka tu... usiendeshe kama mimi, na nani aliwahi kuendesha kama yeye, nani, kwenye dunia hii nzima, kwenye ile barabara yote ya mashindano, aliingia kona kumi na saba mara kumi na saba bila kukanyaga mstari hata mara moja, alikaa nyuma ya lile jekundu umbali wa magari mawili, mawili, wala hakulisogelea, Profesa alikuwa kwenye ukuta, aliona, alikuwa na saa mkononi, mdogo wake alikuwa anangoja, anangoja kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni, hakukosea hata kwa ukucha, na mguu ukiwaka moto alikumbuka kuzima swichi, hiyo ndiyo siku bora kuliko zote dereva yeyote aliyowahi kuwa nayo, na wanaojua hivyo duniani ni mtu mmoja, tena mtu wa kutia chumvi, ambaye akisema giaboksi watu wanagawa kwa tatu, na mtu huyo mmoja ameificha siku ile miaka ishirini na miwili, hakumwibia mguu tu, mguu ulikwenda kwa dakika, amemwibia siku yake, amempa binti huyu baba wa kumwonea aibu, na akamsamehe, akamsamehe, na zote zile hadithi, elfu ya injini, mwewe, risasi, kichwa cha mbuzi, zote amezipiga kelele miaka yote hii ili hii moja isisikike, na hii ndiyo pekee ambayo haihitaji chumvi, hii ukiisema ilivyo watu watasimama, na hawezi kumsifu ndugu yake kwa neno moja bila kujifungua mwenyewe bolti zote nne.

"Basi nipige alama wapi?" anasema binti, amechutama tena, macho yake mekundu, kipande cha chaki kilichobaki ni kidogo kama jino, na mikono yake, ya Profesa, bado iko juu, rejeta iko palepale chini ya pua, inatetemeka mpaka inagonga bodi kwa sauti ndogo ya vijiko, na binti, "Iweke chini, baba mkubwa, utaangusha," na yeye anasema, "Niache," na halafu, "Mdogo wangu," na kule, "Naam, kaka," na yeye, "Njoo hapa," na mdogo wake, "Sema tu, nasikia, mguu bado haujafika masikioni," na yeye, "Haisemeki kutoka huko," na kule, "Kuna nini, kaka?" na yeye, "Njoo," na kiti kinalia, fimbo inatafuta sakafu, na yeye anatafuta pa kuanzia, siku ile mimi, hapana, kulikuwa na mtu mmoja wa meno mengi, hapana, hilo tayari ni hadithi, mtu atacheka, unajua mdogo wangu chesesi ni kama nyoka, hapana, hapana, hakuna nyoka, maneno yote mazuri yanajisogeza mbele kama yalivyozoea na anayarudisha moja moja, anataka yale mabaya, yale mafupi, halikuwepo jiwe, hilo, labda hilo, hukukosea, au hilo kwanza, hukukosea, anaanza na hilo halafu lile lingine halafu anyamaze, anyamaze kweli, amwachie nafasi ya kufanya atakalo, na hathubutu kugeuza shingo, anaisikiliza tu safari ya kuvuka gereji, fimbo, mguu mzima, na ule mwingine unaburuta, fimbo, mguu mzima, na ule mwingine...